Hakuna barafu Kivu, lakini maji matupu yanaua moteri

Katika garaji za Goma, Butembo, Bukavu na Uvira, swali ni lile lile kila siku: kwa nini kununua bidoni ya likidi ya rangi, wakati maji ya bomba yanapatikana kwa bei kidogo? Wenye magari wengi wanajibu haraka. Likidi ile, ambayo watu wanaiita antijeli, ni kitu cha Ulaya, kule ambako maji yanageuka barafu usiku. Kivu hakuna theluji isipokuwa juu kabisa ya mlima Ruwenzori, na hakuna gari linalopanda huko. Basi wanajaza maji, wanafunga kifuniko, wanaendelea na safari.

Jina ndilo linalodanganya. Kuzuia barafu ni kazi moja tu kati ya kazi tatu za likidi hiyo, na kwa mkaaji wa mashariki mwa Congo ndiyo kazi isiyo na maana. Kazi mbili zinazobaki, kuzuia maji yasichemke mapema na kuzuia kutu isile chuma, ndizo zinazoamua kama moteri itafika miaka kumi ao itafunguliwa kabla ya mwaka kuisha.

Mlima unashusha kiwango cha kuchemka

Moteri inapochoma mafuta, karibu sehemu moja kati ya tatu ya nguvu inayozaliwa haiendi kwenye magurudumu. Inageuka joto linalopaswa kutolewa nje na maji yanayozunguka kati ya moteri na radiatere. Pompa inayasukuma, termostati inafungua njia yanapofika digrii 82 hadi 88 hivi, kisha upepo wa ventilateri unayapoza. Moteri nyingi zinafanya kazi vizuri zikiwa na joto la kati ya digrii 85 na 100.

Kila mtoto wa shule anajua kwamba maji yanachemka kwa digrii 100. Lakini hiyo ni kando ya bahari. Kadiri mtu anavyopanda mlima, hewa inapungua uzito, na kwa kila mita 300 maji yanachemka karibu digrii moja mapema. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1460 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo Goma na Bukavu maji yanachemka kwenye digrii 95. Butembo, ambako mji umepita mita 1700, ni karibu digrii 94. Ndiyo maana hata maharagi yanachukua muda mrefu kuiva katika miji hiyo.

Hapo hesabu inakuwa mbaya kwa mwenye kutumia maji matupu. Moteri yake inataka kufanya kazi kwa digrii 90 na kitu, na maji yake yanachemka kwa 95. Kinachomwokoa ni kifuniko cha radiatere. Kifuniko hicho si cha kuziba tu. Ndani yake kuna springi na mpira, na juu yake kumeandikwa namba kama 0.9 ao 1.1. Namba hiyo inaonyesha presha ambayo kinaishika kabla ya kuachia. Kifuniko kizuri cha 0.9 kinapandisha kiwango cha kuchemka katika muji wa Goma kutoka digrii 95 hadi karibu 115. Likidi ya kweli, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, inaongeza digrii nyingine, na mchanganyiko unapita 120 kabla haujachemka.

Sasa gari likiwa na kifuniko kilichochoka, ambacho mpira wake umekauka, na maji ya bomba ndani, linarudi kwenye digrii 95. Kwenye barabara tambarare dereva haoni kitu. Lakini kamyo yenye mzigo inayotoka Uvira na kupanda vilima vya Ngomo kuelekea Bukavu, ao ile inayotoka Kasindi karibu na ziwa Edouard kupanda hadi Beni na Butembo, inatembea kwa gia ya chini, moteri inalia, upepo ni kidogo. Hapo ndipo mvuke unatoka chini ya kapo, na abiria wanashuka kutafuta maji mtoni.

Maji ya wapi yanaingia ndani?

Tatizo la pili halionekani barabarani. Ni maji yenyewe.

Maji ya ziwa Kivu yana chumvi nyingi za mawe, hasa magnesi na bikarbonati, kwa sababu ya volkano zinazolizunguka na chemchemi zinazoingia chini yake. Goma, maji ya mabomba yanapompwa kutoka ziwani. Klorini inayotiwa ndani inaua vijidudu, haiondoi chumvi. Kila mama anayechemsha maji katika sufuria moja kwa miezi anaujua ule weupe mgumu unaoshika chini. Weupe huo ndio unaojijenga pia ndani ya radiatere na ndani ya njia za maji za moteri. Sufuria inaweza kusuguliwa kwa mchanga. Njia ya maji ndani ya bloki haifikiwi na mkono wa mtu.

Ukoko huo unazuia joto kutoka. Chuma kinabaki na moto wake wakati mshale wa joto mbele ya dereva unaonyesha kwamba kila kitu kiko sawa. Mirija ya radiatere, ambayo ni myembamba, inaziba mmoja baada ya mwingine, na siku moja gari lililopanda vilima miaka mitatu bila shida linaanza kuchemka.

Wengine wanasema basi watatumia maji ya mvua, kwa kuwa hayana chumvi za mawe. Kwa mbali na volkano wazo hilo lina akili ndani yake. Lakini mvua inayonyesha chini ya moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira inabeba asidi na floridi. Wakaaji wa vijiji vilivyo upande unaoelekea moshi wanajua jinsi mabati yao yanavyotoboka mapema. Maji yanayokula bati la nyumba hayawezi kuhurumia aluminiamu ya moteri.

Maji yanayofaa kuchanganya ni maji yaliyotolewa chumvi, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta na katika maduka ya piesi kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Hapa panatakiwa uangalifu. Madukani jina «maji ya betri» linaweza kumaanisha vitu viwili: maji safi ya kuongeza, na asidi ya kujaza betri mpya. Chupa zinafanana. Mwenye gari asome maandishi ya chupa kabla ya kulipa. Asidi ikiingia ndani ya radiatere, kazi ya kuharibu haingoji mwaka, na inaweza kumchoma yule anayeimimina.

Kutu haingoji baridi

Ndani ya moteri moja kuna aluminiamu, chuma cha kuyeyushwa, shaba, risasi ya kuunganishia, na mpira. Metali tofauti zikikaa ndani ya maji yenye chumvi zinafanya kitu kama betri, na ile iliyo dhaifu inaliwa. Likidi ya viwanda ina glikoli, ambayo ndiyo inayozuia barafu na kupandisha kiwango cha kuchemka, lakini ndani yake kuna pia dawa za kulinda metali. Dawa hizo ndizo zinazotofautisha aina moja na nyingine, na ndizo zinazoisha na wakati. Glikoli yenyewe inaweza kubaki nzuri wakati dawa zimekwisha. Kwa hiyo kuangalia kwamba rangi bado inang'aa hakumhakikishii mtu kitu.

Kwa kamyo kubwa za dizeli kuna hatari nyingine. Katika moteri nyingi za aina hiyo, maji yanagusa moja kwa moja ukuta wa nje wa silinda. Pistoni inapopiga, ukuta unatetemeka, na vipovu vidogo vinazaliwa na kupasuka juu ya chuma mara nyingi sana kwa kila dakika. Kila kipovu kinachopasuka kinangoa chembe. Baada ya muda ukuta unatoboka vitundu kama vya sindano, na maji yanaingia kwenye mafuta ya moteri. Likidi iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli nzito inajenga ngozi nyembamba juu ya chuma ili kuzuia jambo hilo. Maji ya mto hayana ngozi hiyo, na likidi ya gari ndogo inaweza kukosa nguvu ya kutosha.

Rangi si alama ya kutegemea

Dukani, muuzaji anauliza: ya kijani ao nyekundu? Watu wengi wanachagua kwa rangi, kama wanavyochagua soda. Lakini rangi ni wanja tu. Hakuna sheria ya dunia inayolazimisha viwanda kutumia rangi moja kwa aina moja.

Ile ya kijani ya zamani mara nyingi ina silikati ao fosfati na inadumu karibu miaka miwili. Ile iliyotengenezwa kwa asidi za kioganiki, ambayo General Motors iliitangaza katika miaka ya 1990 ikiwa na rangi ya machungwa, inadumu hadi miaka mitano. Viwanda vya Ulaya vilipenda kwa muda mrefu mchanganyiko wenye silikati. Vile vya Japani vilichagua fosfati bila silikati. Likidi ya bluu ya Honda si sawa na likidi ya bluu ya gari la Ujerumani, na nyekundu ya Toyota si sawa na nyekundu ya Volkswagen.

Magari mengi yanayotembea mashariki mwa Congo yanakuja yakiwa yametumika, kutoka Japani, Ulaya ao Dubai, na mengi yanapitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Njiani yamepita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja ameongeza alichokuwa nacho. Kwa hiyo hata rangi inayoonekana ndani ya radiatere siku ya kununua haisemi ukweli kuhusu kile kilicho ndani.

Chenye kusema ukweli ni kitabu cha gari ao namba ya kanuni iliyoandikwa nyuma ya bidoni. Toyota, kwa mfano, kwa magari yake ya miaka ya karibuni inataka likidi ya asidi za kioganiki isiyo na silikati, amini, nitriti wala borati. Ile ya kwake yenye rangi ya waridi inauzwa ikiwa tayari imechanganywa, na katika magari mengi inabadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160 000, kisha kila kilomita 80 000. Ile yake nyekundu ya zamani inapaswa kubadilishwa mapema zaidi. Volkswagen inatumia alama kama G12 na G13, Mercedes inatumia namba zake. Kitabu kikiwa kimepotea ao kimeandikwa Kijapani, jina la moteri lililo chini ya kapo linatosha kwa muuzaji mwenye kujua kazi.

Kuchanganya aina mbili si lazima kulipue gari. Mara nyingi matokeo ni kwamba dawa zinapigana, na likidi ya miaka mitano inakuwa ya mwaka mmoja. Lakini mara nyingine mchanganyiko unaganda kama uji na kuziba mirija. Mtu aliyekwama njiani, na ambaye haijui aina iliyo ndani, ni heri aongeze maji safi kidogo hadi garaji kuliko kumimina bidoni ya kwanza anayoikuta.

Kupima bidoni kabla ya kuamini

Sokoni kuna bidoni ambazo ndani yake ni maji na rangi tu. Muhuri uliovunjika, maandishi yasiyo na namba ya kanuni wala jina la kiwanda, na bei iliyo chini sana ni dalili za kwanza. Lakini kuna njia mbili rahisi za kuhakikisha.

Ya kwanza ni mizani. Glikoli ni nzito kuliko maji. Litri 5 za maji zina uzito wa kilo 5. Litri 5 za likidi iliyochanganywa nusu kwa nusu zinafika kilo 5 na gramu 300 hivi, na zile za likidi isiyochanganywa zinapita kilo 5 na nusu, bila kuhesabu bidoni yenyewe.

Ya pili ni konjelateri, hata kama huku hakuna barafu nje. Kidogo cha likidi kinatiwa katika chupa ndogo iliyofungwa na kuandikwa «sumu», mbali na chakula, kisha kinalala humo usiku. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hausimami hata kwa digrii 30 chini ya sifuri. Ukigeuka barafu ngumu kama maji, basi ni maji. Vipimo hivyo viwili vinaonyesha kama glikoli ipo. Havionyeshi kama dawa za kutu zipo, kwa hiyo jina la kiwanda na duka linaloaminika bado vina kazi.

Kuhusu kipimo cha kuchanganya, nusu kwa nusu ndiyo njia ya kawaida. Chini ya sehemu moja kwa tatu, dawa za kulinda metali zinakuwa kidogo mno. Na mtu asidhani kwamba kutia likidi yote bila maji ni vizuri zaidi: glikoli pekee inabeba joto vibaya kuliko maji, na moteri itapata moto zaidi. Bidoni iliyoandikwa kwamba iko tayari haiongezwi maji.

Desturi za garaji zinazogharimu

Gari linapochemka, fundi mmoja ataondoa termostati na kusema kwamba maji sasa yanazunguka bure. Kwa siku chache mshale unashuka, na mwenye gari anafurahi. Lakini moteri isiyofikia joto lake inakunywa mafuta zaidi na inachakaa haraka. Katika moteri nyingi za Toyota termostati ina kazi ya pili: inapofunguka inafunga njia ya mkato inayorudisha maji ndani bila kupita kwenye radiatere. Ikiondolewa, njia hiyo inabaki wazi, na kwenye mlima mkali gari linaweza kuchemka kuliko mwanzo. Termostati mpya ni kati ya piesi za bei ya chini. Kuipima ya zamani ni rahisi: inawekwa katika sufuria ya maji ya moto, na lazima ifunguke.

Mwingine ataweka yai ao unga ndani ya radiatere ili kuziba tundu. Tundu linaweza kuzibika kweli, pamoja na mirija mizuri iliyo kando yake.

Kubadilisha likidi kwa njia inayofaa kunaanza moteri ikiwa baridi. Likidi ya zamani inatolewa yote, maji safi yanatiwa na kutolewa hadi yatoke bila rangi ya kutu, kisha likidi mpya inaingia polepole. Gari ndogo inachukua litri 5 hadi 7, jeep za dizeli mara nyingi zinapita 10. Moteri inawashwa kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa imefunguliwa, hadi termostati ifunguke na hewa yote itoke. Hewa iliyobaki ndani inaweza kuchoma kichwa cha moteri ingawa radiatere inaonekana imejaa. Siku hiyo hiyo ni vema kuangalia diriti za mpira, ukanda wa pompa na kifuniko.

Dalili za kusimamisha gari

Likidi inayopungua bila tone kuonekana chini, moshi mweupe usiokwisha, vipovu ndani ya radiatere, ao mafuta ya moteri yenye rangi ya kahawa ya maziwa, yote yanaelekeza kwenye gasketi ya kilasi, ile inayokaa kati ya bloki na kichwa cha moteri. Kuendelea na safari ni kugeuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya moteri nzima.

Mshale ukipanda njiani, dereva azime klima, afungue hita hadi mwisho ili kuondoa joto, asimame mahali pa usalama na azime moteri. Kifuniko kisiguswe. Ndani kuna maji yaliyopita digrii 100, yanayoshikwa na presha tu, na yakifunguliwa yanaruka usoni. Kungoja nusu saa ao zaidi, hadi diriti ya juu ipoe mkononi, ni bora kuliko makovu ya maisha. Wala maji baridi yasimiminwe ndani ya moteri inayowaka, kwa kuwa chuma kinaweza kupasuka.

Sumu tamu ndani ya nyumba

Hatari ya mwisho haihusu gari. Glikoli ya aina ya kawaida ina ladha tamu, na ni sumu. Kiasi kidogo kinaweza kumuua mtoto. Mwanzoni anayekunywa anaonekana kama mlevi, kisha saa zinazofuata figo zinaharibika. Katika miji ambako bidoni tupu haitupwi, bali inaoshwa na kurudi kazini kwa kuchota maji ao kuweka mafuta ya mawese, bidoni ya likidi haifai kuingia jikoni hata baada ya kuoshwa mara kumi. Itobolewe. Likidi iliyobaki isimiminwe katika chupa ya soda.

Mtoto akinywa, familia isipoteze wakati kwa maziwa ao mawese. Apelekwe hospitalini mara moja pamoja na bidoni, ili daktari ajue ni sumu gani anapigana nayo. Na likidi ya zamani inayotolewa garajini isimwagwe kwenye mfereji ao ziwani, ambako watu wanachota maji ya kunywa na mbuzi wanakunywa pia.

Mwenye gari anayetaka kuanza leo hahitaji vyombo vya kipekee. Asubuhi, moteri ikiwa baridi, afungue kapo na kuangalia kopo la akiba: likidi lazima iwe kati ya alama mbili, iwe safi, isiwe na rangi ya udongo wala mafuta juu yake. Ikiwa ni ya udongo, moteri imeanza kuliwa tangu zamani, na bei ya bidoni mbili ao tatu ni ndogo sana mbele ya bei ya kilasi mpya.